Rubani Si Mfumo Endeshi: Maswali Yenu na Majibu ya Mzee wa Mnara

Shikamoo mzee. Nipo mwaka wa kwanza, nasomea teknolojia ya habari hapa Dar. Mhadhiri wetu alisema mfumo endeshi, kama Windows au Android, ni rubani wa kompyuta. Mwenzangu anapinga, anasema ni injini. Tumebishana kituoni mpaka daladala imetuacha. Wewe uliyekaa kwenye mnara wa kuongozea ndege, tuamulie.
*Mwanafunzi, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mmekosa nyote, na mhadhiri wenu yumo, ila yeye msimwambie kabla matokeo hayajatoka.

Rubani ana ndege moja. Ana abiria wake, mafuta yake na safari yake, na kwa mtazamo wake hakuna ndege nyingine yenye haraka kuliko ya kwake. Hiyo ndiyo tabia ya programu. Kivinjari chako, kicheza muziki, ile unayoandikia ripoti ya mafunzo kwa vitendo: kila moja inajiona iko peke yake angani. Mfumo endeshi wenyewe haumpeleki mtu popote. Kazi yake ni kukaa juu na kuamua nani aingie njiani sasa, nani asubiri, nani aegeshwe wapi, na kuhakikisha hakuna anayemgusa mwenzake. Kazi hiyo niliifanya ujana wangu wote, mnarani, kwenye kiwanja ambacho leo kinaitwa Julius Nyerere, kabla sijahamia kwenye vyumba vya seva. Na sikuwahi kurusha ndege hata moja.

Basi panga hivi: lami ya kurukia na kutua ndiyo prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri, maegesho ndiyo RAM, yaani kumbukumbu ya programu zinazoendeshwa, ndege ni programu, na mnara ni keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi.

Mbele ya mwongoza ndege wa enzi zetu palikuwa na kibao chenye vipande vya karatasi, kila ndege na kipande chake: jina la kuitia redioni, aina ya ndege, inakotoka, inakokwenda, kimo ilichoruhusiwa, saa. Anayekupokea zamu alisimama nyuma yako, akakisoma kibao chote, akakusikiliza kidogo, na anga lote likahamia kichwani mwake. Keneli nayo ina kibao chake. Kwa kila programu inayoendeshwa imeandika namba yake, hali yake, imefika amri ya ngapi, imepewa sehemu gani za RAM, na imefungua mafaili gani. Zamu ya programu ikiisha, keneli inanakili kila kilichokuwa ndani ya prosesa na kukihifadhi kwenye kibao hicho. Zamu ikirudi, inakirudisha kilivyokuwa. Programu haijui kama iliwahi kuondolewa njiani.

Sasa tuuvunje mfano mahali unapovunjika, maana ukiumeza mzima utakutia matatani kwenye mtihani. Mimi siwezi kuisimamisha ndege kubwa kama Dreamliner ikiwa katikati ya lami imeshashika kasi, niiweke pembeni hewani, niipitishe Cessna ndogo, kisha niirudishe Dreamliner palepale na kasi ileile. Keneli inafanya hivyo kila baada ya milisekunde chache. Kuna saa ndani ya kompyuta inayoigutua prosesa, na ikigutuka udhibiti unarudi kwa keneli, programu itake isitake.

Haikuwa hivyo siku zote. Mbugani kuna viwanja vya changarawe visivyo na mnara. Rubani anajitangaza redioni kwamba anakaribia, anatua, ameondoka njiani, na wenzake wanampisha. Mambo huenda vizuri kabisa kama kila mmoja ana adabu. Windows 3.1 ilikuwa kiwanja cha aina hiyo, na Mac OS ilibaki hivyo mpaka toleo la 9. Programu ilishika prosesa mpaka yenyewe iamue kuiachia. Ikikwama moja, kompyuta nzima imekwama, unabaki kuchomoa waya ukutani. Windows 95 ilianza kuzinyang'anya zamu programu mpya za biti 32, na Mac ikaja kupata utaratibu huo na Mac OS X mwaka 2001. Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969, ilikuwa inagawa zamu kwa nguvu miaka mingi kabla ya hapo, na watu wa Unix hawajaacha kutukumbusha.

Kuna jambo jingine mhadhiri wenu asipolitaja mtamdai ada. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania, katika ukungu, ndege ya KLM ilianza kukimbia kuruka kabla ya kuruhusiwa, ikaigonga ya Pan Am iliyokuwa bado njiani. Watu 583 walikufa. Kati ya rubani na lami hapakuwa na kizuizi chochote isipokuwa sauti redioni. Waliobuni kompyuta hawakuiachia sauti kazi hiyo. Prosesa yenyewe ina ngazi: kuna amri ambazo ni keneli tu inaruhusiwa kuzitoa. Programu ikijaribu kugusa diski au RAM ya jirani, chipu yenyewe inaizuia na kuiita keneli ije imtazame mkosaji. Kwenye kompyuta za kawaida ulinzi huo uliingia na chipu ya Intel 80286 ya mwaka 1982, na ukakomaa na 80386 ya mwaka 1985. Programu yenye haja ya diski inaomba, inasubiri, inajibiwa. Unaweza kuandika programu yenye haraka kuliko rubani yule wa Tenerife, na haitaingia njiani.

Kwenye kusubiri nako kuna mawili, na wanafunzi wengi huyachanganya. Ndege iliyoambiwa izunguke angani inasubiri huku ikichoma mafuta. Iliyoambiwa ibaki ilikotoka na injini zimezimwa inasubiri bila gharama. Programu nayo inaweza kusubiri kwa kuuliza "tayari? tayari? tayari?" mara milioni, prosesa ikichemka na betri ikiisha, au ikalala na keneli ikaiamsha jibu likifika. Ukiona simu inachoma mfukoni na hujaigusa, huenda kuna programu inazunguka angani.

Na nyuma ya ndege nzito, ndege ndogo hungoja dakika mbili au tatu hewa itulie. Kompyuta ina kitu kama hicho. Programu kubwa ikitoka, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa imejaa vitu vyake, na inayofuata inaanza polepole mpaka ijaze vyake. Kwa hiyo kubadilisha zamu mara nyingi mno kuna gharama, hata kama kila zamu ni fupi.

Mwenzako wa injini mwambie asikate tamaa: anayoisema ni prosesa, na siku hizi ina viini kadhaa, kama kiwanja chenye njia zaidi ya moja. Kiwanja chetu enzi zangu kilikuwa na njia kuu ya kama mita 3,000 na nyingine ya kama mita 1,000 tu. Ndege ndogo ya mbugani ilitosha kwenye zote mbili, kubwa ilikuwa na moja. Simu zenu za siku hizi zimejengwa vivyo hivyo: prosesa zake zina viini vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kazi nyepesi visivyokula betri, na mfumo endeshi ndio unaopanga nani aende wapi. Hilo nalo ni kazi ya mnara.

Kaka, habari za kazi. Nina duka la vipuri vya magari Kariakoo. Programu yangu ya stoo niliandikiwa na kijana mmoja mwaka 2006, inakubali Windows XP tu, na kompyuta yenyewe imeanza kuzimika ovyo. Fundi anasema atanitengenezea "mashine pepe" ndani ya laptopu mpya ya RAM GB 8. Mimi naona ananiuzia upepo. Nimpe hela nisimpe?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Mpe, ndugu yangu, ila si yote kwa mkupuo.

Hakuuzii upepo. Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. XP yako itawashwa humo, itaona diski, itaona RAM, itaona skrini, na haitajua kwamba vyote hivyo imeazimwa. Watu hupenda kuifananisha na chumba cha marubani cha kuigiza, kile kinachotikisika juu ya miguu ya haidroliki. Mfano huo una kweli ndani yake: vile vya daraja la juu kabisa vinaiga ndege kiasi kwamba rubani mzoefu anaweza kukamilishia humo mafunzo ya aina mpya ya ndege, na mara ya kwanza anapoigusa ya kweli ana abiria nyuma. Lakini kwenye chumba kile hakuna kinachoruka. Kwenye mashine pepe stoo yako inahesabiwa kweli, na prosesa ya kweli.

Kwa hiyo mimi ningesema hivi: kiwanja kimoja, minara miwili. Kila mnara una kibao chake, ndege zake na ramani inayoonyesha kwamba kiwanja chote ni chake. Juu yao yupo msimamizi mmoja asiyeonekana, mafundi wanamwita haipavaiza, anayeukabidhi mnara huu lami kwa kitambo, kisha ule. Asiye na zamu anagandishwa. Akizinduka anaendelea na sentensi aliyoikatizwa.

Wala si uzushi wa juzi. IBM walikuwa nayo kwenye kompyuta zao kubwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakaitangaza kama bidhaa, VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili msimamizi asidanganywe. La msingi ni kwamba kila amri nyeti ikitolewa na asiye na mamlaka, lazima izuiwe na msimamizi aitwe. Chipu za Intel za kompyuta za kawaida zilifeli hapo. Watafiti waliihesabia Pentium amri 17 ambazo hazikuzuiwa. Zilipita kimyakimya na kutoa jibu la mtu asiye na mamlaka. Fikiria mnara unaotoa ruhusa, redio haisikiki, na hakuna anayelalamika. VMware walilizunguka tatizo hilo mwaka 1999 kwa kuzitafsiri amri hizo hapohapo kabla hazijafika kwenye chipu. Kazi ya akili nyingi, ila nzito. Ndipo Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaongeza kwenye chipu zenyewe ngazi maalumu kwa ajili ya msimamizi.

Nimekupitisha huko kwa sababu moja tu: laptopu nyingine hutoka kiwandani ngazi hiyo ikiwa imezimwa. Fundi akiwasha XP ikakataa au ikatambaa kama konokono, mwambie aingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, aangalie VT-x, ndilo jina la ngazi hiyo kwa Intel, au AMD-V kama chipu ni ya AMD. Asipojua unazungumzia nini, rudisha hela mfukoni.

RAM ya GB 8 inatosha. XP ipe MB 512 au GB 1, haihitaji zaidi, na iliyobaki waachie Windows mpya. Usiiunganishe XP na intaneti kabisa. Fundi aikate kadi yake ya mtandao, maana Microsoft waliacha kuiziba matundu tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kama printa yako ni ya USB itapitishwa ndani bila shida kubwa. Kama ni ile ya zamani yenye plagi pana ya pini nyingi na sauti ya cherehani, laptopu mpya haina hata tundu lake, kwa hiyo weka bajeti ya printa.

La haraka kuliko yote: fundi anakili diski ya kompyuta ya zamani leo, kabla haijafa, si siku ya kuhamisha. XP ikizinduka kwenye mwili mpya inaweza kuonyesha skrini ya bluu au kudai namba ya leseni upya, na mambo hayo yanatatulika mradi una nakala mkononi. Ukishahamia, stoo yako yote itakuwa ndani ya faili moja kubwa. Zima mashine pepe, nakili faili hilo kwenye diski ya nje, peleka nyumbani. Nimesema zima. Ukilinakili huku mashine inaendeshwa utapata nakala isiyowaka, na utaligundua hilo siku unayoihitaji. Fundi atakuonyesha pia kitufe cha kuhifadhi hali ya mashine kama ilivyo saa hiyo. Ni kizuri kabla ya kujaribu jambo jipya, lakini hicho si nakala. Kinakaa kwenye diski ileile ambayo siku moja itakufa.

Fedha ya mwisho mpe baada ya wewe mwenyewe kuuza bidhaa moja, kuitoa stoo, kuzima kila kitu, kuwasha tena, na kuikuta imetoka.

Mzee, ofisini kwetu Posta vijana wanataka tuachane na mashine pepe tuhamie kontena. Tofauti ni nini?
*Msimamizi wa mifumo, Posta*

Mashine pepe kila moja ina mnara wake. Kontena, yaani programu zilizofungashwa kila moja na vitu vyake, zote zinatumia mnara mmoja, keneli moja, isipokuwa kila moja imewekewa mapazia isiwaone wengine na kikomo cha RAM na prosesa isiwale wengine. Ndiyo maana kontena inawaka kwa sekunde na mashine pepe inachukua muda wake. Mapazia na vikomo hivyo vilikuwamo ndani ya mfumo endeshi wa Linux kabla Docker, programu ya kutengenezea kontena, haijatokea mwaka 2013. Docker iliwarahisishia watu kuvitumia.

Vijana wako wako sahihi kwa programu zenu wenyewe. Kwa programu za wateja wasiofahamiana, mimi ningebaki na minara tofauti, kwa sababu keneli ikiwa na tundu, wote walio chini yake wanalo. Ofisi nyingi huweka kontena ndani ya mashine pepe na kulala usingizi.

Kaka yangu, salaam. Binti yangu anasomea uhandisi wa ndege Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo. Amekuja nyumbani anasema Dreamliner ilitakiwa izimwe na kuwashwa kama simu iliyoganda. Nimeogopa, maana nasafiri kwenda kwa dada yake. Ni kweli? Na ameomba laptopu ya kujifunzia hizo mashine pepe, ninunue ipi?
*Mama wa Tabata*

Dada yangu, ni kweli, na safiri bila wasiwasi.

Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787, ndiyo Dreamliner yenyewe. Vifaa vinavyosimamia jenereta za umeme za ndege hiyo vilikuwa na kihesabio kinachoongeza moja kila sehemu ya mia ya sekunde. Kihesabio kilikuwa na nafasi ya kufika 2,147,483,647 tu. Mwambie binti agawanye kwa 100, kisha kwa sekunde 86,400 za siku: atapata siku 248 na ushee. Kama vifaa vyote vinne vingewashwa wakati mmoja na visizimwe kwa muda wote huo, vyote vinne vingefika ukomo kwa pamoja, vikajiweka kwenye hali ya usalama, na ndege ikapoteza umeme wake mkuu. Boeing waliligundua kwenye majaribio ya maabara, si angani. Agizo lilitaka umeme wa ndege uzimwe na kuwashwa mara kwa mara, muda mrefu kabla ya siku hizo, huku programu ikirekebishwa. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilitua hapa Julai 2018, miaka mitatu baadaye.

Binti atapenda kujua kwamba ndani ya ndege hiyo kuna kugawana kompyuta kunakofanana sana na mashine pepe. Zamani kila mfumo wa ndege ulikuwa na sanduku lake na waya zake. Kwenye 787 kazi nyingi zinakaa kwenye kompyuta za pamoja, kila kazi na eneo lake la kumbukumbu na dirisha lake la muda, kwa kanuni iitwayo ARINC 653. Dirisha likifunga limefunga. Kazi iliyochelewa haiongezewi, na haiwezi kula muda wa jirani hata ikiwa na hitilafu. Mnarani sikuwahi kuona nidhamu ya namna hiyo.

Lakini kuta za aina hiyo hukukinga na jirani mwenye hitilafu, hazikukingi na hitilafu iliyonakiliwa kila chumba. Vifaa vinne vya jenereta vilitengana vizuri na vilikuwa na programu ileile, kwa hiyo vilikuwa na kosa lilelile la saa ileile. Airbus walilifikiria hilo kwenye ndege yao ya A320, iliyoanza kazi mwaka 1988: kompyuta zake za usukani si za aina moja, zina prosesa tofauti, na programu zake ziliandikwa na timu tofauti, ili kosa la wale lisiwe kosa la hawa. Ni ghali, na ndiyo maana haifanyiki kila mahali. Akipata nafasi amuulize mwalimu wake ni mifumo gani ya ndege imejengwa hivyo na ipi haikujengwa, na kwa nini.

Kuhusu laptopu: usihangaike na jina la kampuni. RAM GB 16, kwa sababu kila mashine pepe inakaa na RAM yake ikiwa imewashwa, na mtu anayejifunza huwasha tatu. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, GB 512 ikiwezekana. Prosesa yenye viini vinne au zaidi. Iliyotumika inafaa kabisa, maduka ya Kariakoo yanazo nyingi zilizotoka maofisini ughaibuni, ila iwe na chaji yake, muiwashe palepale dukani. Binti aingie BIOS mwenyewe, aiwashe VT-x mbele ya muuzaji, na wewe ukae na pochi imefungwa mpaka amalize.